Chombo cha maziwa: kutoka kibuyu hadi mashini ya kahawa

Tukikaa kuzungumza mila zetu, sisi wa Beni, Butembo na Lubero, tunataja kwanza ndizi, halafu mbuzi wa mahari, halafu kyaghanda, mahali wazee walipoota moto na kukata mashauri. Maziwa hatuyataji. Na tukisema ukweli, hatuna mila kubwa ya maziwa. Wengi wa Wayira walikuwa watu wa jembe na milima. Ng'ombe hawakukosekana katika bonde la Semliki, lakini nyumba nyingi za milimani zilifuga mbuzi, kondoo na kuku, na mbuzi alifugwa kwa ajili ya nyama, mahari na sadaka.

Kwa nini basi tuandike juu ya chombo cha maziwa? Kwa sababu siku hizi, katika miji yetu, mashini za kahawa zinazojiendesha zenyewe zimeanza kuonekana katika hoteli na ofisi. Unabonyeza kitufe, mashini inasaga buni, inapitisha maji ya moto, inavuta maziwa kwa kamrija, inayapiga kwa mvuke mpaka yanatoa povu. Mashini hiyo ni ya bei. Lakini chombo ambamo maziwa yanavutwa, watu wanakichagua bila kufikiri: chupa yoyote, kopo lolote, hata kibidoni kilichobeba mafuta jana. Sisi tunaona kwamba jambo hilo lina historia, na historia hiyo inaweza kutukinga na ugonjwa.

Tuanze na majirani zetu waliozaliwa katika maziwa. Kule Ankole, Uganda, chombo cha maziwa kinaitwa ekyanzi. Kinachongwa katika mti, kinafunikwa kwa kifuniko kilichosukwa. Rwanda wana icyansi, nacho cha mti. Wakalenjin wa Kenya wana kibuyu kinachoitwa sotet, wanachogandishia mursik. Vyombo hivi havifanani kwa umbo, lakini vinafanana kwa sheria. Ya kwanza: chombo cha maziwa ni cha maziwa tu, hakibebi maji wala pombe. Ya pili: hakioshwi kwa maji peke yake, kinafukizwa. Huko Ankole wanachoma majani na kuingiza moshi ndani ya chombo. Wakalenjin wanachukua kijiti cha mti wa senetwet kilichoungua na kusugua nacho kibuyu ndani mpaka mkaa unashika. Ya tatu: kazi hiyo ina mwenyewe. Katika nyumba ya wafugaji inajulikana ni mama gani anayetunza vyombo, na maziwa yakiharibika anajulikana wa kuulizwa.

Wazee wale hawakuwa na darubini ya kuonyesha vijidudu. Louis Pasteur alieleza kazi ya vijidudu katika miaka ya 1850 na 1860, na kabla yake wafugaji walikuwa wamekwisha kujua kwamba maziwa yanaharibiwa na chombo. Moshi unakausha chombo, unaua vijidudu vingi na kuacha harufu nzuri. Mti na kibuyu vina vitundu vidogo vidogo ambavyo maji hayavisafishi, ndiyo sababu moshi ulihitajika.

Sisi nasi hatukukosa sheria za vyombo. Kibuyu cha kasiksi kilikuwa cha kasiksi. Aliyetia mafuta ndani yake aliharibu pombe ya watu wote, na habari ilifika mpaka kwenye kyaghanda. Lakini sheria hiyo haikuhamia kwenye maziwa, kwa sababu maziwa yalitufikia kwa njia nyingine kabisa.

Yalitufikia ndani ya kopo. Manguredjipa, kilomita karibu 100 magharibi ya Butembo, ni nchi ya msitu, nchi ya Wapere, ambako ng'ombe hafugiki kwa urahisi. Wakati wa ukoloni kampuni ya madini MGL ilifungua kazi za dhahabu upande huo, na kambi za wafanyakazi zikajengwa. Mfanyakazi alipewa posho ya chakula. Maziwa ya kopo, ya unga au mazito ya sukari, yalikuwa ya meza ya Mzungu na ya misioni. Baadaye, MGL ilipoingia katika Sominki mwaka wa 1976, na hata Sominki ilipovunjwa mwaka wa 1997, kopo lilibaki dukani. Mpaka leo, katika soko nyingi za Kivu, mchele na maharagi hupimwa kwa Guigoz. Vijana wengi wanadhani hilo ni jina la kipimo tu. Ni jina la maziwa ya watoto yaliyotoka Uswisi! Maziwa yalikwisha, kopo likawa mizani ya soko.

Hapa ndipo tulipojifunza vibaya. Kopo lilitufundisha kwamba chombo cha maziwa, kikiisha kazi, kinabeba kitu chochote, na kinyume chake, chombo cha kitu chochote kinaweza kubeba maziwa. Halafu ikaja bidoni ya plastiki ya manjano, iliyoingia nchini na mafuta ya kupikia. Bidoni hiyo ni rafiki yetu: inabeba maji, petroli, mafuta ya mawese, kasiksi, na inapanda juu ya chukudu bila kuvunjika. Lakini mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Ndani yake mafuta yanashika, na maziwa nayo yana mafuta. Tunasikia watu wakisema: "Naisafishaka na sabuni, haina shida." Shida ipo. Usichoweza kukifikia kwa mkono au kwa brashi, hujakisafisha.

Na kahawa je? Kahawa ni yetu kuliko maziwa. Robusta ni mti wa misitu ya Kongo. Karibu mwaka wa 1900 mbegu na miche yake ilipelekwa Bruseli, na kutoka huko ikafika Java, ambako ilipandwa kwa wingi kwa sababu ilivumilia ugonjwa wa kutu uliokuwa unaua arabika. Kwetu, robusta ilienea katika nchi ya joto, upande wa Beni na kwenye msitu, na arabika ikapandwa milimani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianizasio, na mashamba makubwa ya wageni yakapewa wenyeji, ambao wengi hawakuweza kuyatunza. Halafu mnyauko wa kahawa ukashambulia robusta ya Beni katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka wa 1993 ukaonekana Uganda. Wakulima waling'oa miti waliyoirithi kwa baba zao. Siku hizi wakulima wa Ruwenzori, kama wale wa ushirika wa Kawa Kanzururu, wameinua tena jina la arabika yetu. Lakini tangu 2024 mashambulizi ya ADF yamefika hata upande wa Wapere, na watu wengi wa njia ya Manguredjipa wamekimbia na kuacha mashamba.

Katika miaka hiyo yote tuliuza kahawa, hatukuinywa sana. Watu wa pwani, Lamu na Zanzibar, wanakunywa kahawa chungu kutoka katika dele, na maziwa hayaingii humo. Kahawa yenye maziwa kwetu ilitoka kwenye meza ya misioni na ya Mbeleji. Kwa hiyo mashini ya leo inakutanisha vitu viwili: kahawa tuliyoilima bila kuinywa, na maziwa tuliyoyanunua bila kujua chombo chake. Si ajabu kwamba tunachagua vibaya.

Mashini yenyewe ina miaka mingi. Luigi Bezzera wa Milano alipata haki ya mashini yake ya kupika kahawa kwa mvuke mwaka wa 1901. Wakati ule maziwa yalikuwa kazi ya mtu: aliyamimina kwenye jagi, akayapasha, akayanusa. Pua ya mtu ilikuwa mlinzi. Mashini inayojiendesha haina pua. Inavuta maziwa yaliyolala tangu asubuhi sawasawa na maziwa mapya, na mteja anapewa kikombe chenye povu zuri.

Basi tuchague namna gani? Vyombo vinavyouzwa ni vya namna tatu. Cha plastiki ni chepesi na hakivunjiki, lakini kikikwaruzwa ndani kinashika mafuta na harufu. Cha kioo kinaonyesha wazi kama kuna uchafu na kama maziwa yanakaribia kwisha, kinaoshwa vizuri, lakini kinavunjika, tena hakitunzi baridi. Cha chuma kisichoshika kutu, chenye kuta mbili, kinafuata ufundi wa teremosi: James Dewar alitengeneza chupa ya kuta mbili mwaka wa 1892, akiondoa hewa katikati ili joto lisipite. Chombo kama hicho kinatunza baridi, lakini hakizalishi baridi. Ukitia maziwa ya vuguvugu, yatabaki vuguvugu.

Na baridi ndiyo jambo kubwa. Maziwa yanataka nyuzi kama 4. Yakikaa mezani masaa zaidi ya 2, vijidudu vinaongezeka haraka, na katika joto la msitu ni chini ya hapo. Maziwa baridi pia yanatoa povu zuri zaidi. Kwa hiyo ukubwa wa chombo upimwe kwa mauzo, usipimwe kwa tamaa. Tuseme kikombe kimoja kinakula mililita 120, na nyumba inauza vikombe 4 kwa saa. Kwa masaa 2 hiyo ni karibu lita 1. Chombo cha lita 1 kinatosha. Anayenunua cha lita 3 ili apumzike kujaza, anaweka lita 2 zikingoja kuharibika.

Butembo, mahali umeme unakatika na gurupu inawashwa jioni tu, tunashauri chuma cha kuta mbili, chenye mdomo mpana ambamo mkono unaingia, kijazwe kidogo kidogo kutoka kwenye frigo. Mahali pasipo frigo, kama katika vijiji vingi vya njia ya Manguredjipa, maziwa ya unga ni afadhali. Lakini unga ukikwisha kuchanganywa na maji, ni maziwa kama mengine: ukoroge ya vikombe vya sasa, usikoroge ya siku nzima. Hapo kioo kidogo kinatosha, maana hakuna cha kutunza.

Kamrija nako ni chombo. Wengi wanaosha chupa na kusahau kamrija, na ndani yake maziwa yanaganda. Kapitishiwe maji safi kila baada ya kazi, na kila jioni kafunguliwe, kaoshwe kwa maji ya moto na sabuni, kakaushwe.

Tukirudi kwa sheria za wafugaji, tunaona zote zinasimama hata mbele ya mashini. Chombo kiwe cha maziwa tu. Kifikiwe ndani, kwa mkono sasa badala ya moshi. Na kiwe na mwenyewe. Hii ya mwisho ndiyo tunayoisahau kupita zote. Katika ofisi mashini ni ya wote, maana yake si ya mtu. Mwenye hoteli anayenunua mashini ya dola nyingi na hasemi ni nani anayeosha chupa, hajamaliza kununua. Amtaje mtu huyo kwa jina, ampe saa ya kazi hiyo na amlipe, kama nyumba za Ankole zilivyomheshimu mama wa vyombo.

Mila si lazima iwe imezaliwa kwetu ili tuishike. Tumepokea muhogo kutoka mbali na kopo kutoka Uswisi. Tunaweza kupokea na sheria ya ekyanzi kutoka kwa jirani, ng'ambo tu ya Semliki.