Ngazi Iliyo Ndani ya Namba

Namba 18,446,744,073,709,551,615 ina visa viwili. Ibn Khallikan, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1282, anasimulia jinsi Sissa alivyombunia mfalme wa Kihindi mchezo wa sataranji, kisha akaomba ujira wa ngano: punje moja chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, hivyo hivyo maradufu hadi chumba cha 64. Kisa cha pili kimetoka Ufaransa. Mwaka 1883 Édouard Lucas alitoa mchezo wa visahani na vijiti vitatu, ukasambaa na hadithi ya makuhani wa Benares wanaohamisha visahani 64 vya dhahabu. Siku watakayomaliza, dunia itakwisha. Ukihesabu hatua zao, unapata punje zilezile za Sissa, bila kuzidi wala kupungua.

Mfaransa aliigeuza namba kuwa muda: hatua moja kila sekunde, bila kulala, ni zaidi ya miaka bilioni 584. Ibn Khallikan aliipima kwa ghala. Tena anakiri kwamba mwenyewe hakuamini, mpaka mtaalamu wa hesabu wa Aleksandria alipomwonyesha kwamba punje 32,768 za chumba cha 16 zinajaza kipimo kimoja kidogo, mfano wa kibaba chetu, na kuanzia hapo wakahesabu vipimo badala ya punje. Kukiri huko kunanigusa kuliko ule mwisho wa dunia.

Hata hivyo, wote wawili wanatazama ukubwa tu. Aliyeingia ndani ya namba alikuwa al-Biruni, aliyewatangulia, karibu na mwaka 1000. Hakujumlisha chumba kwa chumba. Alichukua 16, akaizidisha kwa yenyewe, na kila jibu akalizidisha kwa lenyewe tena: 256, 65,536, 4,294,967,296. Ukizidisha hiyo ya mwisho kwa yenyewe na kutoa moja, umefika.

Sasa irefushe ngazi hiyo kwa chini, uweke 4 na 2 chini ya 16, kisha ongeza moja kwenye kila kipandio, kuanzia 2: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Mara 3 kwa 5 ni 15, yaani 16 kasoro moja. Mara 17 ni 255, yaani 256 kasoro moja. Endelea hadi kipandio cha sita, na ngano yote ya Sissa iko mkononi mwako. Sijui uzuri wa hesabu unaozidi huu.

Karne ya 17, Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote zinazopatikana hivyo, kwa kuongeza moja kwenye kipandio, ni tasa. Tano za mwanzo ni tasa kweli. Ya sita si tasa: mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Kwa hiyo mfalme angeweza kuigawa ngano ile mafungu 641 yaliyo sawa, isibaki hata punje moja.