Vidoti Nilivyoruka

Baada ya kuacha chuo nilipata kazi ya kuchora miti. Si kwa penseli, kwa laptopu. Unatumiwa picha ya setilaiti, kipande cha nchi kikavu chenye rangi ya chapati, unazungushia mstari kila kidoti cheusi chenye kivuli, kisha unaenda kwa picha nyingine. Malipo ni kwa picha. Maelekezo yalisema hivi: kidoti kisicho na kivuli ni kichaka, ruka. Basi nikawa naruka. Bando zilikuwa za kuhesabu na landilodi wangu si mtu wa kusubiri.

Picha hazikuwa na jina la mahali. Hilo lilinisumbua, nikaanza kusoma kuhusu nchi za mchanga, na nikakwama Niger. Ni nchi kubwa zaidi ya mara mbili ya Kenya, na sehemu yake kubwa ni Sahara.

Ukifungua ramani za upotevu wa miti duniani, Niger iko karibu tupu. Unaweza kudhani mambo ni shwari. Kumbe ni namna ya kuhesabu. Ramani inayotumika sana, ile ya Matthew Hansen na wenzake iliyochapishwa 2013, inaanza hesabu mwaka 2000 na kuigawa dunia vipande vya mita 30 kwa 30. Mti, kwa ramani hiyo, ni kitu kinachozidi mita 5. Sasa chukua mti mmoja uliosimama katikati ya shamba la mtama: mchanga ulio nao kwenye kipande kilekile unaumeza. Shamba lile linaweza kukatwa mti mmoja leo na mwingine mwakani hadi liishe, na ramani isiseme neno.

Kuna mti mmoja tu wa Niger ambao ramani ziliuheshimu. Ulikuwa mgunga katika jangwa la Ténéré, kwenye njia ya misafara ya ngamia iliyofuata chumvi Bilma, na hakukuwa na mwingine kwa zaidi ya kilomita 100 kila upande. Ulichorwa hata kwenye ramani ambazo miji mingi haikupata nafasi. Wanajeshi wa Kifaransa walipochimba kisima karibu nao mwishoni mwa miaka ya 1930, ilijulikana kwamba mizizi yake ilikuwa imefuata maji zaidi ya mita 30 chini. Wenye ngamia waliulinda. Hakuna aliyevunja tawi lake kuchemshia chai. Halafu 1973 dereva wa lori, inasemekana alikuwa amelewa, akaugonga. Jangwa lote lile, na jamaa akapata mti! Mabaki yake yalipelekwa makumbusho ya Niamey, na pale uliposimama pakawekwa mti wa chuma.

Hadithi hiyo husimuliwa kila mahali kwa sababu ina mkosaji mmoja. Upotevu wenyewe ulikuwa kusini, mashambani Maradi na Zinder, na haukuhitaji lori. Amri ya misitu ya Wafaransa ya 1935 iliiweka miti chini ya mamlaka ya serikali, na baada ya uhuru wa 1960 mambo hayakubadilika sana. Mti ulio shambani kwako si wako, na ukiukata bila kibali askari wa misitu anakutoza faini. Jiweke kwenye nafasi ya mkulima. Mche ukichipuka kati ya mtama wako, wa nini? Unaung'oa ungali mdogo. Hapo ukame wa miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 ukaingia, mifugo ikafa, watu wakauza kuni ili wale.

Mwaka 1983, Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia aliyekuwa amechoka kupanda miche inayokufa, alisimamisha gari karibu na Maradi kupunguza upepo wa matairi. Akatazama kichaka kando ya njia, akaona majani yake. Hakikuwa kichaka. Kilikuwa kisiki cha mti kinachochipua, na mashamba yote yale yalikuwa na mizizi hai chini. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache na kupogoa mengine. Zinder nako walikuwa wakilinda gao, mti unaopukutisha majani msimu wa mvua, kwa hiyo hauunyimi mtama jua. Ilisaidia pia kwamba serikali ililegeza mkono, na mkulima akaanza kuuona mti kuwa mali yake.

Chris Reij na Gray Tappan walipoweka picha za ndege za 1975 kando ya picha za 2003, walikuta vidoti vimeongezeka. Makadirio yao ni kama hekta milioni 5 na miti milioni 200, ambayo mingi haikupandwa na mtu.

Ile kazi yangu iliisha ghafla na wiki ya mwisho hatukulipwa. Lakini nakumbuka picha moja: mistari ya shamba inaonekana wazi, nikazungushia miti minne, nikaruka vidoti kama hamsini visivyo na kivuli, vimesambaa kati ya mistari hiyo kana kwamba kuna mtu ameviacha makusudi. Msimamizi alinipa alama zote.