Machakos na Suluhu ya Sudan

Sisi wa Sultan Hamud tumezoea malori ya barabara ya Mombasa, usiku na mchana. Lakini ni wangapi wanajua kwamba zamani mengine yalibeba chakula cha Wasudan?

Vita vya kusini mwa Sudan vilirudi mwaka 1983, vikaua takriban watu milioni 2. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa misaada, na Kenya ikaruhusu Lokichoggio, kule Turkana, iwe kituo cha ndege za chakula na dawa. Tatizo, ndege zilihitaji ruhusa ya Khartoum. Ikikataliwa, watu wanalala njaa. Yaani mapigano yasipokoma, msaada nao haufiki.

Suluhu ikatafutwa hapa jirani, Machakos. Chini ya IGAD, msuluhishi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, tarehe 20 Julai 2002 walikubaliana: sharia ibaki kaskazini, na kusini wapige kura ya kujiamulia baada ya mpito wa miaka 6. Tarehe 15 Oktoba wakasaini kusimamisha mapigano na kufungua njia za misaada. Mkataba kamili ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

Lakini Darfur haikuwemo, na huko vita vilizuka 2003. Kusini ilipata uhuru 2011, ikapigana yenyewe kwa yenyewe 2013. Sudan nayo ikawaka tena 2023.

Basi vijana, kupatanisha ni kazi ya kila siku, si saini tu. Tunapofuturu tuwakumbuke kwa dua na sadaka.