Kutoka mbina ya Usukuma hadi Japani: mwalimu wa ngoma anaishia wapi?

Tukisikia msanii wa Kitanzania amekwenda Japani kufundisha vijana ngoma, wengi tunadhani mambo hayo yameletwa na wafadhili na balozi: warsha, posho, cheti, picha ya pamoja. Mimi nasema hapana. Msanii anayesafiri huku akifundisha vijana ni mtu wa zamani sana. Ukitaka ushahidi, njoo huku Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu.

Hapa ni Usukumani. Kwa Kisukuma kucheza ngoma ni mbina, na mbina ina vyama viwili ambavyo upinzani wao ni wa zamani kuliko wa Simba na Yanga: Bagika na Bagalu. Vyama hivi vinatokana na waasisi wawili, Ngika na Gumha, waganga na mabingwa wa ngoma wa karne ya 19. Walishindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji wala kura za simu. Watu wanapiga kura kwa miguu yao.

Sasa fikiria maana yake kwa kijana. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hakuwa na darasa wala ratiba. Kijana aliyetaka kujua alijiunga na chama, akafuata kundi, akaitikia nyimbo msimu baada ya msimu. Alijifunza mbele ya watu ambao wangeweza kumkimbia wakati wowote na kuhamia kwa mpinzani. Hiyo ndiyo ilikuwa warsha.

Kisha serikali ikaingia. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na bugobogobo ya Wasukuma, ngoma ya wakulima na majembe yao, ikapanda jukwaani. Ngoma ya kutwa nzima ikafupishwa kuwa dakika chache. Mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa.

Huko ndiko alikofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa ilimba na zeze. Alipiga muziki nchi nyingi, Japani ikiwemo, na kampuni ya JVC ya huko ikatoa rekodi zake. Sakaki Mango, mwanamuziki wa Kijapani aliyesoma Kiswahili chuoni Osaka, alijifunza ilimba kwa mzee huyo huyo. Zawose alifariki Desemba 2003, lakini ilimba inaendelea kulia Japani.

Kuna wanaosema sanaa yetu imeibwa. Sikubaliani nao. Zawose alifundisha kwa hiari, na mwanafunzi alivuka bahari kumfuata mwalimu, kama vile kijana wa Kisukuma alivyomfuata manju. Kilichobadilika ni upande wetu. Kijana wa Itilima anaiona bugobogobo kiongozi anapokuja kuzindua mradi. Wachezaji wanapewa soda, wanapanda lori, basi. Kijana yule yule anaambiwa ngoma ni ya washamba, aende mjini akatafute maisha.

Bujora, karibu na Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma na tamasha la Bulabo, ambako Bagika na Bagalu bado wanapambana. Ni jambo zuri, ila makumbusho hutunza ngozi ya ngoma. Mkono unaoipiga unatunzwa na mwalimu aliye hai, mwenye wanafunzi na kipato.

Shule zetu zina vipindi vya michezo na sanaa. Je, ni vigumu kiasi gani kumwita manju wa kijiji, kumlipa kama tunavyomlipa mwezeshaji wa semina, na kumwachia watoto saa mbili kwa wiki? Mjapani aliona thamani ya kuvuka bahari. Sisi tunatakiwa kuvuka barabara tu.