Kilichoivunja The Lovin' Spoonful

Wengi husema The Lovin' Spoonful, bendi ya New York iliyovuma kuanzia 1965, ilivunjwa na bangi. Siafiki. Bangi ilivutwa na wanamuziki wengi wa wakati ule. Kilichoiumiza bendi hii ni hofu. Mei 1966 polisi wa San Francisco waliwakamata wanabendi Zal Yanovsky na Steve Boone kwa kosa la bangi. Yanovsky alikuwa Mkanada, akatishiwa kufukuzwa Marekani, nao wakakubali kusaidia kumnasa aliyewauzia. Vijana waliowapenda wakawaita wasaliti. Mtu atauliza: mbona wimbo wao “Summer in the City”, wenye honi za magari na ngurumo ya mashine ya kuvunjia lami, ulishika namba moja Agosti ya mwaka huo huo? Habari zilikuwa hazijaenea. Yanovsky aliondoka 1967. John Sebastian, mtunzi wao mkuu, akafuata 1968.