Ugatuzi si kutuma maofisa mashinani

Ugatuzi ni nini hasa? Fundi mmoja wa viti hapa Dagoretti Corner, Barabara ya Naivasha inapokutana na ya Ngong, ana jibu lake: "Si ni ofisi kuletwa karibu, Prof?" La hasha. Ofisi yaweza kuletwa hadi mlangoni pako, mamlaka yakabaki kulekule.

Tanzania walilionja hilo. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alianzisha Madaraka Mikoani. Jina tamu kweli! Ila halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na watumishi waliotumwa na serikali kuu. Sheria ya kuzirejesha ilitungwa 1982.

Kwetu Kenya, majimbo ya katiba ya 1963, aliyoyapigania Ronald Ngala na chama chake cha KADU, yalikuwa na mabunge yao. Hayakudumu. Miaka ishirini baadaye Rais Moi alihamishia mipango ya maendeleo wilayani, lakini aliyeshika usukani huko alikuwa DC, mteule wa Nairobi. Na mwaka uo huo wa 1983, Baraza la Jiji lilivunjwa, jiji likakabidhiwa tume iliyoteuliwa na serikali.

Basi mimi huuliza swali moja tu: huyu ofisa, nani anaweza kumwondoa? Chifu yuko karibu nasi sana, pengine karibu kuliko mwakilishi wadi. Lakini chifu hujibu kwa serikali kuu. Mwakilishi wadi hujibu kwa mpigakura. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, ili anayechaguliwa asiwe na cheo kitupu.

Hata hivyo, kilichogatuliwa chaweza kurudi juu. Tarehe 25 Februari 2020, katika Ikulu, Gavana Mike Sonko alitia saini kuikabidhi serikali ya kitaifa majukumu manne ya Nairobi: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Likaja shirika la NMS chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, ambaye hakuna mkazi aliyempigia kura. Wapo waliosifu kazi yake, nami sibishani nao kuhusu barabara. Ninachokisoma ni Kifungu cha 187: jukumu likihamishwa, wajibu wa kikatiba husalia kwa serikali iliyopewa na Katiba. Aliyezibiwa mtaro Riruta mwaka 2021 bado alikuwa na haki ya kwenda kuuliza City Hall.