Programu za kusimba video za DVD

Programu ya kusimba video za DVD ni programu ya kompyuta inayogeuza picha zilizorekodiwa na kamera kuwa data ya aina ya MPEG-2, ambayo deki ya DVD inaweza kuisoma. Kazi hiyo huitwa usimbaji. Katika miji ya Tanzania kama Bukoba na Muleba (mkoa wa Kagera) inawahusu hasa wapiga video wa harusi, kipaimara na misiba, kwa kuwa DVD ilikuwa kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kukabidhi kazi kwa familia. Sherehe hairudiwi, kwa hiyo uchaguzi wa programu huamua kama kumbukumbu hiyo itatazamika.

Masharti ya DVD

Makampuni ya vifaa vya elektroniki yalikubaliana juu ya muundo wa DVD mwaka 1995, na deki za kwanza ziliuzwa nchini Japani mwaka 1996. Kasi ya biti ya picha hairuhusiwi kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Sauti huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, tofauti na CD ya muziki yenye 44,100.

Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, wenye mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde. Marekani ilifuata NTSC, yenye mistari 480 na karibu fremu 30. Deki nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki husoma mifumo yote miwili, lakini deki nyingi za Marekani hukataa PAL. Kwa sababu hiyo nakala ya ndugu walioko Bukoba, Dar es Salaam au Kampala husimbwa kwa PAL, na ya ndugu walioko Marekani kwa NTSC.

Nafasi ya diski na kasi ya biti

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, yaani takriban megabiti 37,600. Kasi ya wastani hupatikana kwa kugawa kiasi hicho kwa sekunde za video:

* Saa 1: karibu megabiti 10.4 kwa sekunde. Kiasi hiki huvuka kikomo, hivyo kasi hupunguzwa, kwa kawaida hadi 8 hivi.
* Saa 2: karibu 5.2.
* Saa 3: karibu 3.5.
* Saa 4: karibu 2.6.

Sauti na menyu huchukua sehemu ya kiasi hicho. Video ya saa 4 ikishindiliwa kwenye diski moja, picha hutokeza vimiraba, hasa pale ngoma inapochezwa na watu wengi wanapotembea kwa pamoja. Hotuba ya mzee aliyeketi huhitaji biti chache zaidi. Kwa sherehe ndefu, diski mbili ni bora kuliko moja iliyojaa kupita kiasi.

Programu nzuri hupitia video mara mbili: mara ya kwanza hupima sehemu zenye mwendo mwingi, mara ya pili hugawa biti kulingana na mahitaji. Faida yake huonekana zaidi kwenye video ndefu.

Aina za programu

Miongoni mwa programu za kulipia, TMPGEnc na Cinema Craft Encoder, zote za Japani, zilisifiwa kwa ubora wa picha. HCenc ilitolewa bila malipo. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ni programu huria. Haina madirisha ya kubofya, bali huendeshwa kwa amri za maandishi, na ina mpangilio tayari wa DVD ya PAL. DVDStyler, nayo huria, hutengeneza pia menyu na kuchoma diski. Windows DVD Maker ilikuwemo katika baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7, ikaondolewa katika Windows 8.

HandBrake hutumiwa na wengi kwa kazi ya kinyume: kugeuza DVD kuwa faili la MP4 au MKV. Haitengenezi diski ya DVD.

Makosa ya kawaida

Kamera nyingi za kanda hurekodi kila fremu katika nusu mbili za mistari. Programu ikikosea mpangilio wa nusu hizo, watu wanaotembea huonekana wakitetemeka. Simu za mkononi mara nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu isiyo thabiti, na sauti huweza kuachana na midomo. Video hiyo hugeuzwa kwanza iwe na fremu 25 kamili.

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme kutoka Uganda, ukiwa nje ya gridi ya taifa ya Tanzania. Popote umeme unapokatika katikati ya usimbaji wa saa nyingi, kazi huweza kulazimika kuanza upya. Kusimba sherehe kwa vipande, kwa mfano ibada, maandamano na karamu, hupunguza hasara hiyo.

Kabla ya kukabidhi, diski hujaribiwa kwenye deki, si kwenye kompyuta pekee, kwa kuwa kompyuta husoma hata mafaili ambayo deki huyakataa. Rekodi asilia ya kamera haifutwi: usimbaji hutupa sehemu ya picha, na kilichotupwa hakirudishwi kutoka kwenye DVD.